Wasomaji Wanauliza: Samaki Wametapakaa Vidoa Vyeupe

SWALI: Nina tangi la kioo la sentimita 80 kwa 35, kimo 40, lenye gapi kumi, moli wanne na kambare mmoja wa kunyonya kioo. Wiki iliyopita niliongeza gapi watatu kutoka dukani. Sasa karibu wote wana vidoa vyeupe kama punje za chumvi, wanajisugua kwenye mawe, na wawili wamekufa. Rafiki alinishauri nimimine kapsuli mbili za tetrasaiklini. Maji yamebadilika rangi, ugonjwa uko palepale. Kipimajoto kinasoma nyuzi 21. Nifanyeje? Na je, niwatenge wagonjwa?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Dalili ulizotaja ni za ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Tetrasaiklini huua bakteria, na hiki si bakteria. Isitoshe, inaweza kuwadhuru bakteria wa kwenye chujio ambao kazi yao ni kumaliza amonia inayotoka kwa samaki. Kwa hiyo badilisha theluthi ya maji mapema iwezekanavyo. Maji mapya ya bomba yalaze kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, na yawe na joto sawa na la tangini.

Kuwatenga wagonjwa hakutasaidia. Kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na huko dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujiviringa kwenye changarawe na kujigawa, kimoja kikazaa mamia. Watoto hao huogelea kumtafuta samaki, wasipompata kwa siku mbili hivi hufa. Chumvi na dawa huwaua wakiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu. Hata asiye na kidoa basi mhesabu kuwa ameambukizwa, maana mara nyingi vimelea hutangulia kwenye matamvua.

Kwa tangi lako ningeanza na joto. Kwa nyuzi 21 kimelea hujivuta, mzunguko wake ukachukua wiki nzima hivi, na matibabu yanarefuka bure. Pandisha hadi 30, digrii moja kila saa mbili, usiharakishe. Joto hilo huharakisha kudondoka kwa vidoa na kuvizuia vimelea wengi kuzaliana. Hita ya wati 100 haitatosha kuongeza nyuzi tisa juu ya joto la chumba, tafuta ya 200. Weka pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana, kwani maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu. Hizo ni hesabu za pwani. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, zinashuka zaidi. Ukiona samaki wamejazana juu wakihema, usiongeze dawa yoyote, ongeza hewa. Umeme ukikatika, funika pande za tangi kwa blanketi na uelee chupa ya maji moto iliyofungwa. Usimimine maji ya birika.

Sasa chumvi. Ukijaza maji hadi sentimita 35 unapata lita 98. Toa nafasi ya changarawe na mawe, hesabu 90. Kipimo ni gramu 2 kwa lita, yaani gramu 180. Pima kwa mizani, kijiko hudanganya. Iwe chumvi tupu, isiyotiwa kitu cha kuzuia kugandamana. Yeyusha gramu 45 kwenye jagi, mimina polepole, rudia kila baada ya saa 12 hadi mara nne. Punje zisizoyeyuka zikitua sakafuni humchoma kambare, naye ndiye mdhaifu wa chumvi kuliko wenzake. Akianza kuhema mbio ukiwa umefika gramu 90, ishia hapo. Gapi na moli hawana neno.

Kosa linalojirudia sana liko kwenye kujazia. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu, kwa sababu chumvi haikauki pamoja nayo. Ukitoa lita 20 kwa mpira, ndipo urudishe gramu 40 (au 20, kama uliishia nusu). Na mpira huo upitishe ndani ya changarawe kila siku, kwani huko ndiko vimelea wanakojigawa.

Kufikia siku ya nne hivi ngozi inaweza kuwa safi kabisa, na hapo ndipo wengi huzima hita. Endelea siku 10 baada ya kidoa cha mwisho, kisha ushushe joto taratibu na kupunguza chumvi kwa kubadilisha maji.

Hita ikikosekana, ipo dawa ya malakaiti ya kijani. Fuata kipimo cha lebo, na kwa sababu ya kambare tumia nusu yake. Toa makaa ya kuchujia, la sivyo yatainyonya dawa yote. Vaa glavu, na usiitumie kamwe kwa samaki wa kuliwa.

SWALI: Furu wangu wawili wana kitu kama pamba mdomoni na baka la kijivu mgongoni. Nilisikia joto linatibu, nimepandisha hadi 30 lakini wanazidi.
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Shusha hadi 24 au 25, taratibu. Pamba ya mdomoni ikiambatana na baka la mgongoni mara nyingi ni bakteria, Flavobacterium columnare, na joto humpa nguvu. Ukungu halisi huwa na nyuzi ndefu zinazopepea, na aghalabu huota juu ya kidonda. Kwenye bakteria huyu antibayotiki ina kazi, ila itumike kwenye ndoo ya pembeni yenye pampu ya hewa, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Furu wapya kutoka ziwani wakae peke yao wiki nne, wakiwa na wavu wao na mpira wao.