Kisu cha Meno na Mkate wa Boflo

Mkate wa boflo wenye ganda kavu na nyama laini haufai kukatwa kwa kisu kile kile cha vitunguu na samaki. Makali yaliyonyooka huteleza juu ya ganda, mkono ukalazimika kukandamiza, na kabla hayajapenya mkate huwa umeshabonyea. Kwa muda wote ambao nimekuwa nikikata mkate wa chai ya asubuhi hapa Unguja, nimeridhika kwamba kazi hii ni ya kisu cha meno, kwa kuwa ncha za meno hukusanya nguvu ndogo ya mkono mahali padogo sana, zikatoboa ganda, kisha makali yaliyomo baina ya jino na jino yakamalizia. Wala si uzushi wa jana: kampuni ya Friedrich Dick ya Ujerumani ilikionyesha kisu cha namna hii huko Chicago mwaka 1893.

Ukienda kununua Darajani, tazama urefu kwanza. Ubapa wa sentimita 20 hadi 25 hupita mkate mzima kwa mivuto michache, ilhali kisu kifupi hukufanya uende na kurudi mpaka ubao ukajaa chenga. Meno mapana yaliyopinda kidogo nayapenda zaidi kuliko yale madogo yaliyochongoka, ambayo huuchana mkate.

Kisu kivute na ukisukume kwa urefu wake wote bila kukandamiza. Mkate wenye mgongo laini ulaze ubavu. Uliotoka tanuri sasa hivi usiuguse, hata kama adhana ya magharibi imekaribia na harufu imeenea nyumba nzima, kwani wanga wake haujajikaza na nyama itagandamana na ubapa. Mkate wa kumimina, kwa upande wake, unataka kisu chembamba kisicho meno, kilichopanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Hewa yetu ya bahari hutia madoa ya kutu hata kwenye chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu; kioshe na ukikaushe papo hapo. Usimpe mnoaji wa jiwe la kuzunguka, maana jiwe hilo hula meno yote. Tafuta tupa nyembamba ya mviringo, uipitishe taratibu katika kila bonde, upande ulionolewa kiwandani tu, kisha upande wa pili uupapase kidogo kwenye kinoo kilicholala bapa ili kuondoa ukwaru uliobaki.