Kumpikia mgonjwa wa kemo ambaye ladha zimembadilikia

Ndugu muuliza, pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yako, baada ya mzunguko wa pili wa kemo (dawa za saratani), haitaki tena nyama kwa kuwa anaisikia ladha ya chuma, na hata maji anayaona machungu, huku ndugu wakimshurutisha anywe supu ya kongoro ili aongeze damu. Nilimpikia shangazi yangu, mwenyeji wa Tanga, alipokaa kwetu Dar es Salaam akitibiwa saratani ya titi, na ninayoyaandika ni niliyoyaona jikoni kwangu pamoja na tuliyoelekezwa na wauguzi.

Ndugu hao wafahamishwe kwamba mama hadeki. Dawa za kemo hushambulia seli zote zinazogawanyika haraka, si za saratani peke yake, na seli za ulimi zinazotambua ladha zimo humo, kwa kuwa kwa kawaida hujifanya upya kila baada ya siku 10 hivi. Kuhusu kongoro, mchuzi wake mtupu hauna madini mengi ya chuma, kwa hiyo hakuna sababu ya kugombana na mgonjwa kwa ajili yake.

Kilichotufaa kuliko vyote ni kuacha kukoleza chakula jikoni. Nilipika kitu kisicho na makeke, kwa mfano kipande cha samaki aina ya changu kilichochemshwa na viazi, au kuku aliyechemshwa kwa tangawizi kidogo, kisha nikakiweka kwenye sinia pamoja na vibakuli vya ndimu, ukwaju uliochujwa, chumvi, sukari na giligilani iliyooshwa vizuri na kukatwakatwa. Shangazi alijionjea kijiko kimoja kimoja na kujikolezea mwenyewe. Akisikia chuma, alikamulia ndimu na kunyunyiza sukari. Akiona utamu umezidi, aliongeza chumvi. Chakula kikiwa hakina ladha yoyote, alikimbilia ukwaju. Sukari juu ya changu, kwa mtu wa Tanga, ni jambo la kuchekwa na ukoo mzima, lakini kipande alikimaliza akabaki anachokoa mifupa. Tena kilichomfaa wiki hii hakikumfaa lazima wiki ijayo, na ndiyo maana sinia lilinifaa kuliko mapishi yoyote niliyokuwa nimeandikiwa.

Vyombo navyo vina neno. Mpe kijiko cha mbao au cha plastiki badala ya cha chuma, na mchuzi wa ukwaju au wa ndimu usiupike kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu ukali wake huiparura sufuria na kuongeza ladha ileile anayoikimbia. Chungu au sufuria iliyopakwa enameli hufaa zaidi. Kabla ya kula asukutue kwa lita 1 ya maji safi yaliyotiwa kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha soda ya kuokea (si magadi ya maharage, tafadhali), kisha ateme.

Akitokwa na vidonda mdomoni, ondoa ndimu, ukwaju na pilipili kabisa. Hapo ndipo mtori, uji wa ulezi uliochanganywa na karanga zilizosagwa laini, na mtindi wa maziwa yaliyochemshwa huchukua nafasi. Nyama nyekundu usiililie: mayai yaliyoiva sawasawa, samaki, choroko, au kunde zilizopondwa na kuungwa kwa nazi humpa protini bila ile ladha ya chuma. Kwa kiu, shangazi alipokea chai ya mchaichai iliyopoa pale maji matupu yalipomshinda.

Harufu huchukiza kabla ya ladha. Vitunguu nilikaanga nje kwenye jiko la mkaa, dagaa tukawasitisha kwa muda, na chakula nilimpelekea kikiwa vuguvugu, kwa kuwa cha moto hufukiza harufu zaidi. Wengine hupenda kilichotoka kwenye friji, lakini angalieni: anayetumia oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo, anaweza kupata ganzi na kubanwa koo kwa sababu ya vitu vya baridi, hasa siku za mwanzo baada ya dripu. Jambo jingine, vyakula anavyovipenda kuliko vyote usimpe siku za kichefuchefu, maana akili huvifungamanisha na kutapika na baadaye hatavitaka tena. Wali wa nazi tuliuficha kabisa siku hizo, ingawa aliuulizia.

Kachumbari, matunda yaliyomenywa barabarani, juisi za mitaani na maziwa mabichi yasimfikie, kwa kuwa chembechembe nyeupe za damu, zinazokinga mwili na vijidudu, hushuka baada ya dawa, na homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kukimbizwa hospitali, hata kama ni usiku. Watakaokuletea mlonge, mwarobaini au unga wowote wa kuongeza damu, waitikie kwa adabu, uuweke kando na umwonyeshe daktari kwanza. Balungi nalo uliulizie, kwa sababu huingiliana na baadhi ya dawa.

Ladha kwa wengi hurudi polepole, wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kumalizika. Akipungua uzito kwa haraka au akishindwa kushusha hata maji, usingoje tarehe ya kliniki.

Ukipata nafasi, tuandikie jina la dawa anayopewa, kama ana vidonda mdomoni, na kama ana kisukari, kwa sababu nimetaja sukari na uji, na mwenye kisukari hupangiwa tofauti.