Menyu ya QBasic: andika maneno kwa PRINT, sogeza rangi kwa POKE

Wengi wanaojifunza QBasic, lugha ya programu ya enzi za DOS, hutengeneza menyu kwa amri za LOCATE, COLOR na PRINT, na kila mshale ukibonyezwa wanaandika upya mistari miwili: ule unaoachwa na ule unaochaguliwa. Inafanya kazi, ila programu inabidi ikumbuke maneno ya kila mstari, na msimbo unajaa bure. Mimi maneno nayaandika mara moja tu. Kinachosogea ni rangi.

Kwenye kadi za skrini za CGA, EGA na VGA, skrini ya maandishi yenye safu 80 na mistari 25 inakaa kwenye kumbukumbu kuanzia segimenti (sehemu ya kumbukumbu) &HB800. Kila nafasi ina baiti mbili: ya kwanza herufi, ya pili rangi yake. Jumla ni baiti 4000, na mstari mmoja unakula 160. Ukihesabu kuanzia 0, herufi iko kwenye mstari * 160 + safu * 2, na rangi iko baiti moja mbele. Basi ipake rangi kwa POKE, amri inayoandika baiti moja kwenye kumbukumbu, herufi iache ilivyo (DEF SEG inachagua segimenti, m ni mstari, k ni safu):

DEF SEG = &HB800
FOR k = 20 TO 59
  POKE m * 160 + k * 2 + 1, 112
NEXT k
DEF SEG

Hiyo 112 ni 7 mara 16: maandishi meusi juu ya kijivu. Rangi ya nyuma unaizidisha kwa 16, kisha unajumlisha ya herufi. Njano juu ya buluu ni 30. Mstari unaouacha urudishie 7. Ukipita 127, kwa kawaida herufi zinaanza kuwaka na kuzima.

Tafadhali usiisahau DEF SEG ya mwisho. Bila hiyo, PEEK (amri ya kusoma baiti) na POKE zote zinazofuata zitaendelea kulenga skrini, hata zile ulizokusudia kwa data yako.

Kuandika herufi zenyewe kwa POKE nakushauri ukuwekee mipaka, kwa sababu kishale cha kuandikia hakisogei na mahesabu yote ni juu yako. Pale inapofaa kweli ni kwa alama ambazo PRINT inazichukulia kama amri: CHR$(7) inalia, CHR$(12) inafuta skrini, lakini POKE ya 7 inachora kitone na ya 12 inachora ♀.

Haya yote unaweza kuyajaribu leo ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Anza na SCREEN 0 na WIDTH 80, ili hesabu ya 160 iwe sahihi.