Usilipe hiyo picha ya Taj Mahal kabla fremu haijafunguliwa

Mkuu usitume hata senti. Umeuliza hiyo picha ya kuchorwa uiwekee kioo gani na uitundike wapi, afu katikati unataja kama jambo dogo tu kwamba muuzaji anasema ni Taj Mahal ya 1815, mkono wa Sita Ram, yule mchoraji wa Kihindi, ila fremu haifunguliwi eti karatasi itachanika. Hapo ndo nimeshtuka, maana mimi nililizwa kwa maneno hayo hayo.

Yangu ilikuwa Ngome Nyekundu ya Delhi, maandishi ya Kiajemi yamejaa pembeni, na yule bwana akang'ang'ana kwamba hayo maandishi ndo ushahidi wa ukale. Nimefika nyumbani nafungua fremu, naona mistari ya maandishi inapita chini ya rangi na kutokea upande wa pili wa ngome! Yani karatasi ni kuukuu kweli, imechomolewa kwenye daftari la zamani, mchoro umepakwa juu yake juzijuzi. Kazi za hivyo zinauzwa sana kwa watalii huko India, Jaipur na Udaipur, na mchoraji simlaumu, anatafuta riziki. Ninayemlaani ni huyo wa katikati anayeiongezea miaka 200 halafu anakutazama usoni bila aibu.

Wale mafundi wa Delhi na Agra waliowachorea Waingereza baada ya 1803 walitumia sana karatasi safi ya Ulaya, nyingi ya Whatman, watengeneza karatasi wa Uingereza, na ndani yake mara nyingi kuna jina na mwaka, ukiinyanyua kwenye mwanga unaviona kama ile alama ya kwenye noti. Ukisoma 1820 basi picha haiwezi kuwa ya 1815, kesi imeisha. Usipoona kitu haina maana ni feki, ila muuzaji hana tena cha kukutajia mwaka kwa uhakika. Na ndio, kazi halisi nazo zina Kiajemi, lakini ni maelezo yanayotaja jengo, sio hesabu za mtu zilizofunikwa na rangi.

Halafu Sita Ram! Huyo alisafiri na Lord Hastings, Gavana Mkuu Mwingereza wa India, kutoka Calcutta 1814 hadi 1815, rangi zake za maji ni laini, miti na anga vinayeyukiana. Hiyo uliyoweka hapa imepigwa rula, kila ua la kwenye marumaru unaweza kulihesabu, huo ni mkono wa wachoraji wa Agra, kwa hiyo hata ikiwa ya zamani kweli jina limebandikwa.

Mwambie aifungue mbele yako, wewe shika tochi nyuma ya karatasi. Akikwambia kuna mteja mwingine anaisubiri, mwachie huyo mteja.