Barua kwa mwanangu: kusoma kuta za mahekalu ya Bengal

Mwanangu,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma: je, michongo ya udongo wa kuchoma kwenye mahekalu ya Kihindu ya Bengal (nchi inayogawanyika leo kati ya India na Bangladesh) inafaa kuwa ushahidi wa maisha ya watu wa zamani, au ni visa vya miungu tu kama anavyoshikilia mwalimu wako? Inafaa, tena sana. Ila ushahidi wenyewe haukai pale jicho linapokimbilia kwanza.

Anza na udongo. Kwenye delta ya Ganges mawe ya kujengea ni adimu. Kilichojaa ni matope ya mto. Kwa hiyo kuanzia karne ya 16 hadi ya 19 wafalme wadogo, wenye ardhi na baadaye wafanyabiashara walijenga mahekalu kwa matofali, wakayavisha vigae vya nakshi. Kazi ilikuwa ya masutradhari, tabaka la mafundi wa mbao, mawe, udongo na picha. Udongo ulisafishwa changarawe na mizizi, ukakandwa, ukakatwa vipande, kisha ukaachwa unyauke. Kisu kiliingia ukiwa nusu mkavu: ukiwa mbichi mno ncha ya pua au kidole hulala, ukikauka mno humeguka. Baada ya hapo kigae kilikaushwa kivulini, kwa sababu jua kali hukausha uso kabla ya moyo na kigae kikapinda au kupasuka kabla hakijaona tanuri. Na kwa kuwa udongo hunywea, tukio lililogawanywa katika vigae kadhaa mara nyingi halikutani sawasawa kwenye maungio. Ukiona mkia wa farasi umeruka kidogo kutoka kigae kimoja hadi kingine, usikimbilie kulaumu wakarabati.

Sasa mpango wa ukuta. Juu ya matao ya mbele, mahali pa heshima, mara nyingi utakuta vita vya mungu Rama na Ravana, mfalme wa mashetani, kule Lanka. Chini karibu na ardhi hupita mikanda myembamba: mmoja huwa na maisha ya mungu Krishna, na ule wa chini zaidi una watu wa dunia hii, yaani mawindo, misafara, mashua, askari, matajiri ndani ya machela. Si sheria, ni desturi, na kila hekalu lina ukaidi wake. Lakini anayetafuta maisha ya jamii lazima achuchumae. Wageni wengi hupiga picha matao wakaondoka, na hapo ndipo mwalimu wako anapopata miungu yake mitupu.

Mfano mzuri ni hekalu la Kantaji, Dinajpur, Bangladesh. Lilianzishwa na Maharaja Pran Nath mwanzoni mwa karne ya 18, likakamilishwa na mrithi wake Ramnath mwaka 1752. Tetemeko la 1897 liliangusha minara yake tisa, lakini kuta na vigae vyake vilisalimika. Kwenye mikanda ya chini wamo mabwana waliovaa kama watu wa dola ya Mughal, watawala Waislamu wa India wakati ule, wapanda farasi, magari ya kukokotwa na mashua zenye abiria. Hekalu ni la Krishna, lakini mavazi ya wenye nguvu ni ya utawala wa Kiislamu, na aliyelipia hakuona ubaya wowote. Hilo peke yake ni habari ya siasa ya mahali pale.

Kwingine utawaona Wazungu wenye kofia na bunduki ndani ya vyombo vya majini. Wareno walikuwa na makazi Hooghly, mji wa mtoni huko Bengal, hadi majeshi ya Shah Jahan, mfalme wa Mughal, yalipowatoa mwaka 1632, na katika karne hiyo wao na watu wa Arakan (pwani ya Myanmar ya leo) walivamia vijiji vya delta wakichukua watumwa. Ni Wareno walewale walioshika Fort Jesus pale Mombasa hadi 1698, ambako kuna meli walizozichora wenyewe ukutani. Ukipata nafasi, zilinganishe: kule Mreno anajichora, Bengal anachorwa na aliyemwogopa. Tahadhari tu kwamba umbo la Mzungu mwenye kofia liligeuka kuwa nakshi ya kawaida na kurudiwa baadaye sana. Si kila kofia ni Mreno wa kweli.

Hapa ndipo kiini cha jibu langu. Tukio zima lilichaguliwa na mlipaji, kwa hiyo linasema alivyotaka kuonekana. Vitu vidogo fundi aliviweka bila kufikiri, na hivyo ndivyo vya kuamini: fundo la nywele, jinsi machela inavyobebwa, umbo la usukani. Kiko cha maji mkononi mwa bwana kinakuambia tumbaku imeshaingia, nayo ilifika India kupitia Wareno. Hata visa vya miungu vina faida kwa njia hii, kwani masahaba wa Krishna huvaa na kubeba vitu vya zama za mchongaji.

Pima na kilichokosekana. Mkulima aliyelipa kodi iliyojenga hekalu haonekani sana. Njaa kuu ya 1770 usiitafute kwenye mikanda hii.

Kuhusu tarehe: tafuta kibao cha maandishi mbele ya hekalu. Mwaka ukiwa wa Shaka, hesabu ya miaka ya Kihindi, ongeza 78 upate mwaka wetu. Huko Bishnupur, magharibi mwa Bengal, wafalme wa ukoo wa Malla walikuwa na hesabu yao, hapo ongeza 694: hekalu la Shyamrai ni mwaka 949, yaani 1643. Mara nyingine mwaka huandikwa kwa maneno, mwezi wa angani ukiwa 1, macho 2, Veda (vitabu vitakatifu vya Kihindu) 4, mishale 5, na tarakimu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukisahau kugeuza utapata karne isiyokuwepo.

La mwisho ni uharibifu, na limepotosha tafiti nyingi. Maji ya ardhini hupanda ukutani na chumvi yake. Yakikauka, chumvi huvimba ndani ya kigae na uso ukabanduka kama magamba. Saruji ikipakwa chini hufunga pumzi ya ukuta, na unyevu hutokea juu zaidi. Chokaa nayo hujaza mikato. Ongeza wezi na migongo ya ng'ombe. Yote haya huanza chini, kwenye mikanda ileile ya watu, ilhali Rama wa juu ya matao amesalimika. Kwa hiyo usihesabu vigae vilivyobaki na kudai watu walikuwa wachache tangu mwanzo.

Ukifika, andika kila kigae kwa upande wa ukuta, safu na namba kutoka kushoto, na nafasi tupu zipe namba pia. Piga picha asubuhi au jioni jua likipita ubavuni mwa ukuta, weka rula ndani ya picha, na usiloweshe kigae ili rangi ing'ae.

Baba yako