Mkojo kukutoka ukikohoa baada ya kujifungua: kabla ya kisu, anza na fiziotherapia

Mleta mada, hongera kwa mtoto na pole kwa usumbufu. Kwa wanaoingia sasa: dada yuko Mafinga, mtoto wake wa pili ana miezi minne, akikohoa au akinyanyua ndoo mkojo unamtoka. Mama mkwe anamwambia ndiyo uzazi huo, shoga yake anamwambia akafanyiwe operesheni, na yeye anauliza kama fiziotherapia inasaidia kweli au ni ya waliovunjika miguu tu.

Mimi niko Uyole, nina watoto watatu, nauza viazi. Hilo tatizo nimeishi nalo. Inasaidia, tena ndiyo ya kuanza nayo, ila kuna jambo moja ambalo wengi wanaliruka na baadaye wanasema mazoezi hayafanyi kazi.

Kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma kuna misuli imetandazwa chini ya nyonga. Inabeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa kama mbeleko inavyobeba mtoto, na ndiyo inayosaidia kufunga njia zote. Mimba inailemea miezi yote ile, halafu mtoto akipita inavutika sana, wakati mwingine inachanika. Hata aliyejifungua kwa kupasuliwa anaweza kupata shida hii, maana uzito wa mimba aliubeba vilevile. Ukikohoa, tumbo linasukuma chini ghafla, na misuli isipowahi kukaza, mkojo unatangulia. Na baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba unaijua, kikohozi hakipigi hodi.

Kituo cha kwanza nilichokwenda niliandikiwa dawa za UTI bila hata kupimwa mkojo. Nikameza, nikamaliza, nguo zikaendelea kulowa. Baadaye daktari mwingine alinisikiliza, akapima, akasema hapa hakuna maambukizi, nenda fiziotherapia. Nimefika, kwenye benchi kuna mzee aliyepooza upande mmoja na kijana wa bodaboda mwenye magongo. Nikaangalia tena karatasi yangu nikidhani nimekosea mlango.

Dada aliyenipokea aliuliza maswali mengi kuliko daktari: nakunywa nini, napata choo vipi, nanyanyua nini kwa siku, mkojo unatoka kidogo au unamwagika, nahisi kitu kinashuka ukeni au la. Kisha akaeleza anachotaka kupima, akaniuliza kama nimekubali na kama nataka mtu mwingine awepo. Pazia likafungwa, akavaa glovu, akapima kwa kidole kimoja. Akasema, "Bana." Nikabana kwa nguvu zangu zote, pumzi nimeikata, makalio yamekaza, uso umekunjamana. Akasema taratibu, "Mama, unasukuma chini. Hapa tunataka ivute juu."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mazoezi haya si mapya. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake mwaka 1948, ndiyo maana mitandaoni yanaitwa Kegel. Lakini Kegel mwenyewe alikuwa na kifaa cha kupimia kama mgonjwa anabana kweli. Wanaokuuzia "programu ya siku saba" wamechukua jina, kupima wameacha. Na anayesukuma chini akidhani anabana, kila siku anaongeza mzigo palepale palipochoka.

Maelekezo yaliyonifungua akili yalikuwa haya: jifanye uko katikati ya ibada, ushuzi umekuja, na mchungaji yuko mbele yako. Ile namna unavyoubana bila mtu kujua, ndiyo hiyo. Kisha vuta kuelekea mbele, kama unazuia na mkojo pia. Mapaja yametulia, makalio yametulia, pumzi inaendelea. Ukiona umekata pumzi, anza upya. Nilianza kwa kushika sekunde chache tu, nikapanda pole pole kuelekea kumi, na kila baada ya kubana unaachia kabisa kwa muda uleule. Kuachia nako ni zoezi, usilipunje. Kawaida ni kama mara nane mfululizo, awamu tatu kwa siku, na unaongeza ya harakaharaka, bana-achia, kwa ajili ya chafya. Usiyafanye katikati ya kukojoa kama mazoezi ya kila siku, kibofu kinaweza kuzoea kubakiza mkojo. Na usiyapime kwa wiki mbili, yape angalau miezi mitatu.

Kilichobadilisha maisha yangu sokoni hata hivyo si zile awamu, ni kubana kabla ya tukio. Chafya inakuja: bana kwanza. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, sasa ukiinyanyua huku umekata pumzi, kishindo chote kinashuka chini. Siku hizi nachuchumaa karibu na mzigo, nabana, natoa pumzi huku nanyanyua. Na gunia la lumbesa siligusi, wabebaji wapo na wanalipwa. Wewe mwenye mtoto wa miezi minne, jaza ndoo nusu uende mara nyingi, hata kama mama mkwe atanuna.

Chai na kahawa zinamchokoza mtu ambaye mkojo unamjia ghafla asiwahi choo. Kumwambia mtu wa Rungwe apunguze chai ni kumtukana, lakini nilipunguza ya jioni na usingizi wangu ukarudi. Maji usiyapunguze, mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu zaidi. Choo kigumu nacho ni adui, kusukuma kila asubuhi kunaichosha misuli ileile, kwa hiyo maharage, mboga za majani, parachichi, ambazo Njombe hadi Tukuyu hatuzikosi. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kwa hili, na mwenye cha kukaa aweke kigoda miguuni.

Shabu na vidonge vya kubana uke, tafadhali, hapana. Vinakausha na kuchubua ngozi, misuli haviifikii. Mkaja sikukatazwa, nilikatazwa kuukaza mpaka nishindwe kuvuta pumzi vizuri.

Sasa mahali ambapo ushauri wangu unakoma. Kama mkojo unachuruzika mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayazibi tundu. Nenda hospitali, inatibika, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaitibu bure. Kama kuna damu kwenye mkojo, au ganzi sehemu za siri pamoja na maumivu ya mgongo, usisubiri uzi huu. Kizazi kikiwa kimeshuka sana, kuna pete ya kukishikilia na kuna upasuaji, na ni kweli wapo wanaouhitaji. Kuna pia ambao misuli yao haijalegea, imekaza isiachie, wanaumia wakati wa tendo au wanakojoa kwa shida. Hao wakijibana zaidi wanazidi kuumia, wanafundishwa kuachia. Ndiyo maana nang'ang'ania kupimwa.

Mkuu aliyeuliza kama wanaume nao wana misuli hii: mnayo, na waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume wanafundishwa mazoezi hayahaya.

Mleta mada, kutoka Mafinga unaweza kwenda Iringa au kuja Mbeya, upande wowote ulio na ndugu wa kukupokea. Omba rufaa ya fiziotherapia, uliza bima yako inalipia mahudhurio mangapi, na mwambie daktari wazi kwamba mkojo unakutoka. Usiseme "tumbo linasumbua", utarudishwa na dawa za minyoo. Ila kabla hujapanda gari nijibu mawili: jioni ukishashinda umesimama unahisi uzito kama kitu kinataka kutoka? Na ulishonwa ulipojifungua? Kama hutaki kujibu hapa, njoo inboksi.