Mtoto wa mume wangu ana kiburi, nifanyeje?

*Shangazi, shikamoo. Niliolewa mwaka jana hapa Tanga na mwanamume mwenye mtoto wa miaka sita, aliyefiwa na mama yake. Mtoto ana kiburi, hanisikii, ananidharau ndani ya nyumba yangu. Juzi nilimwita mara tatu aje anywe chai, akaendelea kuchora chini kwa kijiti, wala hakugeuka. Nikimwambia baba yake, ananijibu eti namchukia mwanawe. Nimechoka.*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Katika barua yako yote, mtoto nimemwona mahali pamoja tu: pale kwenye chai. Kijiti, mchanga, mgongo umekugeukia. Kwingine nimekuona wewe na uchungu wako. Kiburi na dharau ni hukumu, na baba akisikia mwanawe anahukumiwa atamtetea. Mtabishana mpaka Ramadhani ijayo, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake hicho kiburi kilipo.

Kwa wiki moja usimshtaki kwa mumeo. Chukua daftari. Kila unapomwita, andika ulimwitia nini, ulisimama wapi, alikuwa akifanya nini, na zilipita sekunde ngapi kabla hajaitika au kunyanyuka. Mwite mara moja, kisha tazama saa ya simu. Amua mapema "ametii" ni nini. Tuseme, ameanza kunyanyuka ndani ya nusu dakika. Jirani yako akikaa hapo na daftari lake aandike sawasawa na wewe. Akiandika tofauti, bado hujaeleza vizuri unachokitazama.

Andika pia kilichofuata. Ulipaza sauti? Ulikwenda kukichukua mwenyewe kile ulichomwitia? Wapo watoto waliokwisha kujua kwamba wito wa kwanza na wa pili ni wa bure, wa kweli ni ule wa kelele. Hapo tumewafundisha wenyewe.

Ila usiandike "leo hakunisumbua". Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Ogden Lindsley, miaka ya 1960 alitoa kipimo cha kuchekesha kidogo: jambo ambalo hata maiti analiweza, hilo si tendo. Maiti hasumbui mtu, na kwa kukaa kimya anawashinda watoto wote wa Tanga. Andika unachotaka akifanye: aitike, ageuke, aje mkekani.

Sasa linalonitia wasiwasi. Umesema hakugeuka. Mtoto jeuri ninayemjua mimi hugeuka, akakukata jicho, ndipo akaendelea na mchezo wake. Huyu hata shingo hakuisogeza. Basi akiwa amekupa mgongo, mwite kwa sauti ya kawaida aje achukue kashata. Siku nyingine fanya hivyohivyo mkiwa mnatazamana. Ikiwa kila mara anaitika mkitazamana na haitiki ukiwa nyuma yake, mpeleke hospitali akapimwe masikio. Baada ya mafua, majimaji huweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto akawa hasikii vizuri bila maumivu wala usaha, na nyumbani wasijue. Ukipata nafasi, muulize na mwalimu wake anakaa dawati la wapi na anaitika vipi darasani.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wako. Hesabu kwa siku umesema naye mara ngapi bila kumtuma wala kumkemea. Nahisi zitakuwa chache, na sikulaumu; umeingia nyumba iliyofiwa, na kazi umezikuta zinakusubiri. Anza kuziongeza hizo kabla hujajaribu kubadilisha lolote kwa mtoto. Na daftari halitakuonyesha anamkumbuka mama yake kiasi gani. Hilo mwache aliseme mwenyewe siku atakayotaka, nawe usikilize.

Usiandike mbele yake. Wiki ikiisha, kaa na mumeo baada ya chakula, mtoto akiwa amelala, umsomee kama ulivyoandika: "Jumanne jioni nilimwita kutoka jikoni, alikuwa uani, hakugeuka. Nilipomgusa bega aliitika papo hapo." Neno kiburi lisikutoke. Akianza kubisha, mpe kalamu, siku mbili zinazofuata aite yeye na aandike yeye.